Chakula kiponyacho na mipaka yake: mafundisho kutoka chini ya mkwaju wa Katavi



Katika Jumuiya zetu Ndogondogo za Kikristo kuna swali linalorudi mara kwa mara, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini: je, Mkristo Mkatoliki anaruhusiwa kutumia mitishamba? Wapo wanaojibu upesi kwamba mitishamba yote ni ushirikina, na kwamba aliyebatizwa hana budi kukaa mbali nayo. Wapo pia wanaosema kwamba kilichotoka porini hakiwezi kudhuru, kwa kuwa Mungu ndiye aliyekiotesha. Majibu yote mawili yamewaumiza watu. La kwanza limewafanya wengi watumie dawa za mizizi kwa kificho, bila kumwambia muuguzi wala padre. La pili limewachelewesha wagonjwa nyumbani hadi nafasi ya kuwaokoa ikapita.

Katika makala haya tunapenda kulitazama swali hilo kwa utulivu, tukianza na mimea ambayo ni chakula na dawa kwa wakati mmoja, ile tunayoweza kuipata shambani, sokoni au msituni hapa Mpanda na katika Mkoa mzima wa Katavi. Tutaangalia Kanisa linafundisha nini, mimea hiyo inasaidia nini kwa hakika, na mahali gani msaada wake unakoma.

Mti mmoja, njia mbili

Jina la mkoa wetu linatukumbusha jambo hili kila siku. Simulizi za wenyeji, ambazo hata wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi husimuliwa, zasema kwamba jina hilo limetokana na Katabi, mwindaji wa zamani ambaye roho yake inaaminika kukaa katika mti wa mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Watu wamekuwa wakifika hapo na kuacha sadaka ili wapate baraka.

Hatulitaji jambo hili kwa dharau. Wazee wetu walimtafuta Mungu kwa mwanga waliokuwa nao, na heshima yao kwa miti imelinda misitu mingi. Lakini tuutazame vizuri mti wenyewe. Mkwaju ule ule ambao mmoja anaupelekea sadaka, mwingine anauchumia ukwaju, anauloweka, anauchuja na kumpa mgonjwa juisi ya kutuliza kiu na kumsaidia anayepata choo kigumu. Mti ni mmoja, ila njia ni mbili. Wa pili anapokea tunda kutoka kwa Muumba na kulitumia kwa akili aliyojaliwa. Wa kwanza anauomba mti, au roho inayosadikiwa kuwamo, utoe kile ambacho ni Mungu peke yake awezaye kutoa. Tofauti hiyo imo katika imani na matendo ya anayeuendea. Jani na gome la mti havina kosa lolote.

Kanisa linafundisha nini

Maandiko Matakatifu hayaoni aibu kuzungumza juu ya dawa. Katika sura ya 38 ya kitabu cha Yoshua bin Sira tunafundishwa kumheshimu tabibu kwa kuwa naye ni wa Mungu, na tunaambiwa kwamba Bwana ameziweka dawa katika ardhi ili mwenye busara azitumie. Sura hiyo hiyo inamtaka mgonjwa asali, atubu, kisha ampe tabibu nafasi yake. Mfalme Hezekia alipokuwa mgonjwa mahututi, nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake, kama tusomavyo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme sura ya 20. Sala ilikuwepo na tunda likawepo, na hakuna kilichomfukuza mwenzake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika aya ya 2288, inatukumbusha kwamba uhai na afya ya mwili ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, nasi tunapaswa kuzitunza kwa busara. Aya ya 2117 nayo inagusa moja kwa moja swali letu. Inakataza uchawi na jitihada za kutawala nguvu za giza, hata kama nia ni kurudisha afya. Kisha inaongeza kwamba kutumia tiba za jadi hakuhalalishi kuziita nguvu mbaya, wala kunufaika kwa kutumia wepesi wa wengine wa kuamini kila wanachoambiwa. Tuone kwamba Kanisa halikusema tiba za jadi ni dhambi. Limetaja makosa mawili yanayoweza kujificha ndani yake: kumwendea mwingine badala ya Mungu, na kumdanganya mgonjwa.

Kanisa limekuwa na watu wake waliojifunza mimea kwa bidii. Mtakatifu Hildegarda wa Bingen, mtawa wa Ujerumani wa karne ya 12, aliandika kwa kirefu juu ya mimea na matumizi yake katika tiba, na Baba Mtakatifu Benedikto XVI akamtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012.

Kutoka Mto Niger hadi Karema

Hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walifika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885. Miaka minne baadaye aliwasili hapo kijana wa Kiafrika aitwaye Adriano Atiman. Alizaliwa katika nchi za Mto Niger, katika eneo ambalo leo ni Mali, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari na kupelekwa Algeria, kisha akasomea udaktari katika kisiwa cha Malta kwa mpango wa Kardinali Lavigerie. Tangu 1889 hadi alipofariki mwaka 1956 alihudumu kama daktari na katekista. Hospitali ya Jimbo jirani la Sumbawanga ina jina lake.

Maisha ya Daktari Atiman yanatufundisha kwamba imani na tiba vimekaa pamoja katika ardhi hii tangu mwanzo wa uinjilishaji wake. Yanatukumbusha pia kwamba Afrika Magharibi na Katavi haziko mbali kama ramani inavyoonyesha. Huko alikotoka, katika Mali, Burkina Faso, Niger na kaskazini mwa Nigeria, majani ya mbuyu hukaushwa, husagwa na kupikwa mchuzi unaoliwa karibu kila siku. Nchini Senegali majani ya mlonge hupikwa kwa karanga na kuliwa pamoja na chakula cha uwele, na maua ya rosela hutengenezwa kinywaji chekundu kinachonywewa na wakubwa kwa wadogo. Akina mama wa huko hawatengi kabisa jiko na kabati la dawa. Wanachomlisha mtoto ili ashibe ndicho wanachomlisha ili asiugue.

Jambo hilo linatuhusu sana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano nchini Tanzania wana udumavu, yaani ni wafupi kuliko inavyopaswa kwa umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu na maradhi ya mara kwa mara. Cha kusikitisha ni kwamba udumavu ni mkubwa katika mikoa kadhaa inayovuna mahindi kwa wingi, nasi tukiwemo. Ghala limejaa, na bado mtoto ana njaa ya damu, ya macho na ya mifupa, kwa sababu kila siku anakula ugali na kitoweo kidogo kile kile.

Mimea iliyo karibu nasi

*Mlonge.* Takriban robo ya uzito wa unga wa majani makavu ya mlonge ni protini, na ndani yake mna madini ya chuma, kalisi na viini vinavyogeuka kuwa vitamini A mwilini. Mti huu huota kwa mbegu au kwa kipande cha tawi, huvumilia ukame, na huanza kutoa majani ya kutosha katika mwaka wake wa kwanza. Majani mabichi hupikwa kama mboga nyingine. Anayetaka unga ayakaushe kivulini, kwa sababu jua kali huharibu vitamini, kisha ayatwange na kuyachekecha. Kijiko kimoja cha unga huo hutiwa katika uji wa mtoto aliyekwisha kuanza kula, baada ya uji kuepuliwa. Tutumie majani, mizizi na magome ya mlonge yana sumu, na mama mjamzito ayaepuke kabisa.

*Mgagani.* Mboga hii chungu huota yenyewe mashambani mvua zinapoanza, na wengi wetu tumekulia juu yake. Ina vitamini A na C, chuma na kalisi. Wengine huichemsha na kumwaga maji mara mbili tatu ili kupunguza uchungu, na kwa kufanya hivyo humwaga pia sehemu kubwa ya faida yake. Ni afadhali kuichemsha kwa muda mfupi, kisha kuiunga kwa karanga zilizotwangwa au kwa maziwa. Mafuta ya karanga huusaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo katika mboga.

*Ubuyu.* Unga mweupe unaozunguka mbegu za mbuyu una vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Vitamini hii huusaidia mwili kuchukua chuma kutoka katika mboga za majani. Hivyo kikombe cha juisi ya ubuyu, au limau lililokamuliwa juu ya mboga, kina faida kubwa kwa mwenye upungufu wa damu kuliko kikombe cha chai pamoja na mlo, kwa kuwa chai huzuia chuma kisipokelewe. Ubuyu usichemshwe, maana moto huharibu vitamini C. Ulowekwe katika maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Tutambue pia kwamba ubuyu mwekundu wa dukani, uliopakwa rangi na sukari, ni peremende zaidi kuliko dawa.

*Ukwaju.* Tumekwisha kuutaja. Hulainisha choo na kurudisha hamu ya kula. Kwa sababu hiyo hiyo haumfai mtoto anayeharisha. Mtoto huyo anahitaji maji ya chumvichumvi yanayotolewa katika zahanati, pamoja na vidonge vya zinki.

*Rosela.* Kinywaji chake kimeonekana katika tafiti kadhaa kushusha kidogo shinikizo la damu. Neno “kidogo” ni muhimu. Mgonjwa anayetumia vidonge vya presha asiviache kwa ajili ya rosela, tena amweleze daktari kwamba anainywa, na asijaze sukari katika kikombe.

*Matunda ya miombo.* Mbura, mkusu, mtundwa na mtonga ni miti inayowalisha watoto wetu wakati wa njaa bila kuomba malipo. Matunda yake huongeza vitamini katika miezi ambayo bustani zimekauka. Hata hivyo, jamaa ya mtonga ina aina nyingi zinazofanana, na mbegu za baadhi yake zina sumu. Watoto wafundishwe kunyonya nyama ya tunda lililoiva bila kutafuna mbegu, na wasile tunda ambalo mkubwa anayelijua hajalithibitisha.

*Asali.* Ingawa asali si mmea, ni zawadi ya maua ya miombo, na asali ya Inyonga na Mlele inajulikana mbali. Kijiko cha asali hutuliza kikohozi cha mafua kwa mtoto mkubwa na kwa mtu mzima. Lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata kwa kulambishwa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyozalisha sumu tumboni mwake na kumlegeza misuli hata akashindwa kupumua.

Kutoka gome hadi kidonge

Huenda mtu akauliza: ikiwa mimea ina nguvu hivyo, kwa nini twende hospitali? Historia ya dawa za malaria inatupa jibu zuri, na Kanisa limo ndani ya historia hiyo.

Katika karne ya 17 wamisionari Wajesuiti huko Peru, Amerika ya Kusini, walijifunza matumizi ya gome la mti wa sinkona katika kutibu homa. Gome hilo lilifikishwa Roma, na Kardinali Juan de Lugo akaligawa kwa maskini, hata likaitwa unga wa Wajesuiti. Liliokoa wengi, lakini tatizo lilikuwa kipimo. Gome moja lilikuwa na dawa nyingi, jingine karibu halina kitu, na mgonjwa hakuwa na namna ya kujua. Mwaka 1820, wanasayansi wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walifanikiwa kuitenga kwinini kutoka katika gome hilo. Tangu hapo tabibu akaweza kujua anampa mgonjwa kiasi gani.

Vivyo hivyo, dawa mseto tunayopewa leo katika zahanati ina kiini kilichotokana na mmea wa Kichina. Mtafiti Tu Youyou, aliyesoma maandiko ya kale ya matabibu wa nchi yake, ndiye aliyeongoza kazi ya kukipata, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kunywa majani ya mmea huo kama chai kwa ajili ya kutibu malaria. Kiasi cha dawa katika kikombe hakitoshi wala hakilingani. Baadhi ya vimelea hubaki hai, ugonjwa hurudi, na vimelea huweza kujenga usugu dhidi ya dawa yenyewe.

Hapa ndipo tunapoona mpaka. Mmea ulio chakula hujenga mwili taratibu, kwa wiki na miezi. Ugonjwa mkali hauna subira hiyo; unataka kipimo, kinachojulikana, kwa wakati wake. Zahanati ni elimu ile ile ya mimea iliyopimwa kwa mizani, na anayeiendea hajaidharau elimu ya bibi yake.

Mipaka ya kuzingatia

Tunawaomba waamini wote wayashike mambo haya, na hasa wazazi.

Kwanza, mtoto mchanga hadi afikishe miezi sita anyonyeshwe maziwa ya mama pekee. Dawa ya mchango, maji ya mizizi na vinywaji vya kumtuliza analia si vyakula vyake. Figo na ini vyake bado ni vichanga, na tone lisilomdhuru mkubwa laweza kumdhuru yeye.

Pili, mama mjamzito asinywe mitishamba ya kuharakisha uchungu. Baadhi ya mimea hiyo hukaza mji wa mimba kwa nguvu kupita kiasi, na hilo linaweza kumnyima mtoto hewa au kuupasua mji wa mimba. Mama mkwe au jirani mwema anayemletea kikombe hana nia mbaya, lakini nia njema haizuii damu kumwagika.

Tatu, anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, za kifua kikuu, kisukari, presha au kifafa asiziache kwa sababu yoyote bila kuongea na mtoa huduma wake. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri kwenda Loliondo kunywa kikombe kimoja cha dawa ya mti. Wako walioacha vidonge vyao kwa kuamini kwamba wamepona, nao wakarudi hospitali wakiwa na hali mbaya zaidi. Mlonge na mgagani vinaweza kumpa nguvu anayetumia dawa hizo, ila haviwezi kuchukua nafasi yake.

Nne, tusiamini kwamba kila kichungu ni dawa, wala kwamba kikombe kikubwa huponya kuliko kidogo. Majani ya mwarobaini ni machungu na wengi huyanywa, lakini mafuta ya mwarobaini yamewaletea watoto sumu.

Tano, tusifiche. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukifika zahanati, mwambie muuguzi umekunywa nini, kwa kuwa baadhi ya mimea hubadilisha utendaji wa dawa. Nao watoa huduma wetu, wengi wao wakiwa waamini wenzetu, tunawasihi wapokee maneno hayo bila kufoka wala kumdhihaki mama wa watu, maana aliyedhihakiwa leo kesho atanyamaza.

Sita, kuna dalili zisizongoja kikombe chochote: degedege, mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kupumua kwa shida, kupoteza fahamu, damu kumtoka mjamzito, na kuharisha kunakoambatana na macho kudidimia. Hapo ni safari ya hospitali, iwe usiku au mchana.

Mitishamba siyo ramli

Kuna jambo zito ambalo hatuwezi kulipita kimya. Mtu anayejua mizizi na majani, anayemweleza mgonjwa wazi anampa nini na kumruhusu aende hospitali, ni tofauti kabisa na yule anayetazama maji au vioo na kumtajia mgonjwa jina la jirani kuwa ndiye aliyemroga. Wa kwanza anaweza kuwa msaada katika kijiji. Nchi yetu inalo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, ambalo huwasajili waganga wa namna hiyo. Wa pili anapanda mauti. Kwa maneno ya wapiga ramli, bibi vizee wameuawa katika mikoa ya magharibi na ya Ziwa, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu baada ya miaka mingi mbele ya moshi wa kuni. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku shughuli za wapiga ramli kwa sababu ya damu hiyo.

Basi Mkristo ajiulize maswali mepesi kabla ya kupokea dawa yoyote ya jadi. Je, ninaambiwa jina la mmea na kipimo chake, au ni siri? Je, ninatakiwa kutoa kafara, kuvaa hirizi, au kutaja mizimu? Je, ninatajiwa adui? Je, ninakatazwa kwenda hospitali au kusali? Ikiwa jibu la mojawapo linaleta shaka, ageuke na kurudi nyumbani. Dawa ya kweli haiogopi mwanga wala haihitaji kumchukia mtu.

Na tusigeuze sala nayo kuwa hirizi. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa humpa mgonjwa neema ya Kristo, faraja na nguvu, na Mungu akipenda humpa na afya ya mwili. Padre anayekuja kukupaka mafuta matakatifu hakuambii uache dawa. Kwa kawaida atakuuliza kama umekwisha kwenda hospitali.

Tunaweza kufanya nini

Elimu hii inapotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kifo cha wazee wanaoijua. Katika parokia zetu wapo Wapimbwe, Wabende, Wakonongo, Watongwe, Wafipa, Wasukuma, Wanyamwezi, na ndugu waliotoka Burundi na kuanza maisha mapya Katumba na Mishamo. Kila watu wana majina yao ya mimea, na mara nyingi jina moja hutaja mimea miwili tofauti, jambo ambalo ni hatari. Ingefaa vijana wa VIWAWA wakae na wazee, waandike majina hayo kwa lugha zote, waipige picha mimea, na kumwonyesha ofisa kilimo au ofisa misitu ili aithibitishe.

Njia ya pili ni shoka. Miombo inapochomwa ili kupata mkaa au kufungua shamba la tumbaku, tunapoteza kwa pamoja tunda la mbura, ua la nyuki na gome la dawa. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kimoja. Kwetu hapa maneno hayo ni dhahiri: msitu ukiisha, tajiri atanunua vitamini dukani, maskini atabaki na ugali mkavu.

Akina mama wa WAWATA wanaweza kuanza na jambo dogo. Kila kaya ya Jumuiya ipande milonge miwili karibu na jiko na kutenga tuta moja la mboga za asili. Siku ya kukutana, badala ya chai na maandazi, ipikwe mgagani kwa karanga na itengenezwe juisi ya ubuyu, na mama anayejua awafundishe wanaolea watoto wadogo. Akina baba wa UWAKA wahakikishe kwamba chakula hicho kinafika kwenye sahani ya mtoto na ya mjamzito kabla ya sahani ya mgeni, na kwamba fedha ya kumpeleka mgonjwa hospitali haingoji ruhusa ya siku tatu.

Mwenyezi Mungu aliyeotesha mkwaju karibu na Ziwa Katavi ndiye aliyempa daktari akili, muuguzi mikono na bibi kumbukumbu. Tuvipokee vyote kwa shukrani, kila kimoja kwa mahali pake, na sifa tumpe yeye aliyevitoa. Kristo Mponyaji awaguse wagonjwa wote wa jimbo letu, na Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee.